Vidole Vinne, Kwenda na Kurudi

Cheti changu cha kwanza kiliandikwa jina vibaya, herufi moja imerukwa, nami nikakitia kwenye fremu ya kioo vivyo hivyo. Ilikuwa mwaka 2008. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye machafuko ya baada ya uchaguzi, na kila aliyekuwa na ukumbi na kipaza sauti alikuwa akiandaa kitu cha amani: mpira wa amani, kwaya za amani, mashairi ya amani. Mimi nilikuwa fundi wa nguo mjini Mumias, kibanda changu kinatazamana na magari ya Kakamega, na tangu shule ya msingi nilikuwa na tabia ya kuandika vijishairi. Niliviandika popote, hata katika daftari la vipimo vya wateja. Mteja mmoja, mwalimu, alikuja kuchukua suruali yake, akaona kimoja kimelala chini ya kiuno chake na urefu wa mguu wake, akakisoma, akaniambia kuna shindano Kakamega. Nikapeleka. Nikawa wa kwanza.

Nilipewa shilingi elfu tano, leso moja na cheti. Pesa ziliisha wiki ile ile. Leso nilimpelekea kukhu, nyanya yangu, akaivaa kanisani mpaka ikapauka. Cheti kikabaki ukutani juu ya cherehani, na chini yake nikabandika shairi lenyewe, nimelinakili kwa kalamu nyekundu. Lilianza hivi:

Enyi Wakenya sikizeni, tuiepuke shida,
Tupendane kama ndugu, tuache mambo ya vita.

Msomaji anayejua mashairi ameshacheka. Acheke tu. Mimi wakati ule nilikuwa nikilisoma kila asubuhi nikifungua mlango, na kila mteja aliyekuja kupimwa nilimsimamisha mahali ambapo asingekosa kuliona. Wakaanza kuniita Malenga. Ukiitwa malenga na mtu anayekuja kutiwa zipu, huwezi tena kuandika nyuma ya daftari la vipimo. Nilinunua daftari la jalada gumu.

Miaka minne iliyofuata niliiandikia majaji. Sikuwa nikijua kwamba ndicho ninachofanya, nilidhani naandika. Likitangazwa shindano la mazingira, naandika miti. Ukimwi, naandika ukimwi. Ufisadi, umoja wa kitaifa, mtoto wa kike, maji safi, yote niliyaandika, na sikumbuki hata moja kati ya hayo niliyokuwa nimeyawaza kabla ya tangazo kutoka. Nilikuwa kama wale mafundi wanaoshona sweta za shule moja mwaka mzima: rangi unaambiwa, saizi unaambiwa. Nilisikiliza mashairi yaliyoshinda nikachukua vikolombwezo vyake. Nilifungua kamusi nikatafuta maneno magumu, nikayatia kama mtu anayeshonea vifungo mahali pasipo na tundu. "Aushi" lilikuwa kila mahali. "Ghaya" nililitumia mara tatu katika shairi moja, na mara mbili kati ya hizo sikuwa na hakika na maana yake.

Sikushinda tena. Mara moja nilikaa ukumbini tangu saa tatu asubuhi hadi jioni, nimevaa rinda nililolishona kwa ajili ya siku hiyo, nikisubiri jina langu. Halikutajwa hata miongoni mwa wale wanaopewa shukrani. Kwenye matatu, kabla hatujafika Shianda, nilikuwa nimeshapata sababu: aliyeshinda ni jamaa yao. Sikuwa na ushahidi, na hadi leo sina. Nilihitaji tu kuliamini hilo ili jioni niweze kula.

Kuna jambo la hatari katika kushinda mapema. Niliposhinda sikujua kwa nini nimeshinda, na niliposhindwa sikujua kwa nini nimeshindwa. Majaji hawaelezi. Unapewa cheti au hupewi, basi, unarudi nyumbani na kile kile ulichokwenda nacho.

Kisha mwaka 2013, wiki chache kabla ya Idi, akaja Maalim na kanzu ya kupunguzwa.

Asiyeijua Mumias atashangaa kusikia kwamba katikati ya mashamba ya miwa, mwendo wa siku nyingi kwa miguu kutoka baharini, kuna wazee waliokua na tenzi vichwani. Misafara ya Waswahili wa pwani ilikuwa ikipumzika hapa katika karne ya 19, enzi za wafalme wetu wa Wanga, Nabongo Shiundu na mwanawe Mumia. Wengine walioa hapa hapa na hawakurudi. Wakaacha msikiti, madrasa, kilemba na lugha. Sisi Wawanga tuliokulia upande wa misheni tulikuwa tukiwasikia tu kwa mbali. Maalim alikuwa mmoja wa wajukuu wa watu hao: amefundisha madrasa maisha yake yote, mrefu, amekonda, kanzu zake zote zinaburuta kwa sababu hununuliwa na wanawe walioko Kisumu bila kupimwa.

Alikaa kwenye benchi nikipiga pindo. Nikamwona anatazama ukutani. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilikuwa kikitembea juu ya vidole vingine vinne, kinakwenda, kinarudi. Nilidhani anavuta uradi.

"Hili la nani?" akauliza.

"Langu, Maalim."

"Walikupa nini?"

"Elfu tano, na leso."

"Elfu tano!" Nyusi zilimpanda kwa heshima ya kweli. "Mimi mwaka mmoja kwenye Maulidi nilipewa birika. Lilikuwa linavuja." Akarudi ukutani. "Mshororo wa kwanza una mizani kumi na sita."

"Ndiyo, nilihesabu."

"Tisa huku, saba huku."

Sikuelewa. Nilikuwa nikijua mizani, yaani silabi za mshororo, ni kumi na sita, basi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba katikati pana mlango: nane za ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, pumzi, nane za utao, nusu ya pili. Maalim aliinua mikono ya kanzu yake mezani. "Nikuletee kitambaa unishonee kanzu. Mkono mmoja uufanye mrefu, mwingine mfupi. Ukijumlisha, yadi ni zile zile. Niivae?"

Nilinyamaza. Akaniambia nisome mshororo wa pili, kisha wa kwanza, kwa sauti. Nikasoma. Akacheka mpaka akakohoa, kwa maana ulimi wetu wa Kiwanga, ukiuachia, husema "shita." Sikioni mwangu shida na vita yalikuwa yamefanana kwa kina, yaani silabi ya kufungia, miaka yote mitano.

"Shida na vita ni majirani," akasema, "hilo hata mtoto anajua. Lakini si ndugu wa kina."

Nilikuwa nimekusudia kumpunguzia bei ya pindo kwa sababu ya mvi zake. Sikumpunguzia.

Usiku ule nilichukua lile daftari la jalada gumu na chaki ya kukatia nguo, nikaanza kuhesabu kama nilivyomwona akihesabu: kidole cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho, halafu kurudi. Vidole vinne, kwenda na kurudi, ni nane. Ukifika nane na sentensi bado inaendelea, umemwaga. Ukifika mwisho wa sentensi na kidole kimebaki hewani, umepunja. Kila mshororo wenye ila niliupiga alama ya chaki. Nilipomaliza, daftari lilikuwa jeupe kuliko nilipolinunua.

Nilikaa nalo mapajani. Cha ajabu, uchungu ule wa ukumbini haukuja. Nilikuwa na hasira, ndiyo, lakini ilikuwa hasira yenye mahali pa kushikia. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeona kosa langu mwenyewe, kwa macho yangu, kabla ya jaji yeyote. Mtu akiniambia "shairi lako halikufaulu" sina la kufanya ila kulia au kumlaani. Akiniambia "tisa huku, saba huku," nina kazi. Nilianza pale pale. "Enyi" nikaitoa. Wakenya sikilizeni: nane. Tuziepukeni shida: nane. Dakika kumi, na stima ilikuwa imepotea, nafanya kwa taa ya simu.

Ijumaa baada ya swala nilimsubiri nje ya kibanda. Shikamoo. Marahaba. Nikampa karatasi. Kidole gumba kikaenda, kikarudi. "Haya," akasema, akanirudishia.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kusifu, na hakuwa na jingine. Ilinichukua miezi kutambua kwamba lina sauti mbili: "haya" ya mshororo uliosimama, na "haya" ya mtu anayetaka uondoke.

Ndivyo tulivyoanza. Ubeti mmoja kwa siku, beti sita kufikia Ijumaa, yeye kwenye benchi na chai ya rangi yenye tangawizi, mimi kwenye cherehani kwa sababu sikuweza kuacha kazi. Hakutaka pesa. Kanzu zake nilizikata pindo bure kuanzia hapo, ikawa fidia ya ile bei kamili. Nilijifunza kwamba cherehani ya miguu ni mwalimu wa mizani kuliko vidole, maana mguu haukubali kudanganywa: ukikanyaga pedali kwa mdundo mmoja huku unatamka, silabi iliyozidi inakukwaza kama kijiti njiani. Wateja walizoea kunisikia nikinong'ona juu ya kitambaa. Mmoja aliniuliza kama namwombea gauni lake.

Sitaki kufanya hili lionekane kama elimu ya juu. Mengi yalikuwa mambo madogo sana, na utamu ulikuwa humo humo kwenye udogo wake. "Mbwa" ana mizani mbili na "mbali" ina mbili, lakini si mbili za namna moja: m ya mbwa inajitegemea, ya mbali imepanda mgongo wa b. "Mtu" mbili. "Mwana" mbili. Kwamba inkisari ni ruhusa ya kufupisha neno na mazda ni ruhusa ya kulirefusha, lakini ruhusa ikiombwa kila mshororo inakuwa deni. Kwamba bahari, yaani aina ya shairi, si moja, kwamba utenzi una mizani nane kwa kila kipande na unaweza kwenda beti mia bila kuchoka, ilhali tarbia inataka kila ubeti umalize mambo yake katika mishororo minne. Nilikuwa nimeitwa malenga miaka mitano bila kujua mambo haya, kama dereva aliyepewa leseni kwa kuwa gari lake ni safi.

Mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa akiendesha bodaboda, aliniuliza mara moja tu: "Na hizi za Ijumaa, nazo zina mashindano?" Nikamwambia hapana. Akafikiri. "Basi ni kama mimi kuosha pikipiki." Sijui kama alinidharau au alinielewa. Yeye huiosha pikipiki ile kila jioni, hata siku ambayo anajua kesho itanyesha.

Maalim hakunikataza mashindano. Hakuwa na neno lolote juu ya hayo. Angesikia nimeshinda angeuliza ni shilingi ngapi. Ni mimi niliyesahau. Siku moja nilikuta kwenye simu ujumbe wa shindano la kaunti na tarehe ya mwisho ilikuwa imepita kwa siku tisa. Miaka miwili kabla yake ningekosa usingizi. Siku hiyo nilikuwa nimekwama kwenye kina cha "-nzi" na sikutaka kelele.

Kisha kukaja habari ya "nchi."

Alikuwa amezoea kuniletea, mara chache, ubeti wake mwenyewe, niunakili kwa mwandiko wangu kwa kuwa mkono wake ulishaanza kutetemeka. Mmoja ulianza: Nchi yetu ina neema. Nikanakili. Mguu wangu ukakwama kwenye pedali. Nikahesabu kwa vidole chini ya meza ili asinione. Alikuwa amenifundisha mwenyewe kwamba n ya "nchi" inasimama peke yake, mizani mbili, n-chi, kwa sababu sauti inakaza juu yake. Basi: n, chi, ye, tu, i, na, ne, e, ma. Tisa.

Nilikunywa chai. Nikashona mfuko mzima. Mwishowe nikasema, "Maalim, huu wa kwanza umemwaga."

Kidole gumba kilikwenda, kikarudi, kikabaki hewani. Akanyanyuka, akachukua fimbo, akaondoka bila kuaga. Nilidhani nimemkosea mzee wa watu. Ijumaa iliyofuata hakuja. Jumapili mchana, nimetoka misa, nikamkuta ameketi kwenye benchi mbele ya kibanda kilichofungwa.

"'Neema' naisoma 'nema,'" akasema, kabla hata sijamwamkia. "Wazee waliandika nema. Ni inkisari."

"Basi tuandike nema, Maalim. Ukiandika neema, msomaji ataisoma neema."

Alinitazama kitambo. Akatoa karatasi ile ile kwenye mfuko wa kanzu, imekunjwa mara nne, akaifuta e moja kwa kidole chenye mate, kama mtoto wa shule. "Haya," akasema. Ilikuwa sauti ya tatu ya neno lile, na sijaisikia tena.

Nikiulizwa ni lini nilipata tuzo, nitasema ni Jumapili ile. Lakini nitakuwa nasema uongo kidogo, maana miezi iliyofuata ilikuwa mibaya na tuzo ile haikunisaidia kitu. Biashara ya sukari ilikuwa ikiyumba, na mji wetu miwa ikiumwa nao unalala kitandani. Watu waliacha kushona nguo mpya, walileta viraka. Niliandika nusu ubeti, nikaacha. Karibu mwaka mzima sikuwa na kitu cha Ijumaa, na Maalim alikuja tu kunywa chai tukazungumzia bei ya unga. Sijui hata sasa kwa nini ilikatika wala kwa nini ilirudi.

Iliporudi nilifanya kosa la zamani. Mwaka 2017 nilikuwa na shairi nililolipenda, nikajiambia sasa nimeiva, nikalipeleka Kakamega. Sikushinda. Na niliumia. Nalisema hili wazi kwa kuwa nimesoma watu wengi wanaojidai kwamba siku hizi kushindwa hakuwagusi; mimi kulinigusa, tumbo liliniuma vile vile kama zamani. Tofauti ilikuwa ndogo na ilikuja baadaye kidogo, mshindi alipoitwa kulisoma lake. Alikuwa mvulana wa kidato cha tatu, suruali imempanda juu ya vifundo vya miguu. Alipoanza, kidole gumba changu kikaanza kutembea chenyewe. Nane. Nane. Nane. Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwa na ujasiri wa kukijaribu: kila ubeti ulianza kwa maneno yale yale yaliyofunga ubeti uliotangulia, kama shanga kwenye uzi. Ni pindu, wengine huuita mkufu. Nilikuwa nikiujua kwa jina tu. Mtoto yule aliufunga kwa beti saba bila kukwama.

Alipotoka jukwaani nilimfuata nikamwomba ninakili. Akaona haya, akanipa daftari. Nikiwa nimeinama nanakili, macho ya kazi yakanishukia kwenye suruali yake, nikaligeuza pindo kidogo kwa ncha ya kalamu. Halikuwa na kitambaa cha kuongeza. Fundi alikuwa amekata kwa kubana, amejiokolea inchi mbili. "Mwambie fundi wako aache pindo pana," nikamwambia. "Mtoto wa kidato hukua." Akanitazama kama mwehu. Alitarajia, nadhani, nimwambie jambo kuhusu ushairi.

Katika matatu ya kurudi nilikuwa nikijaribu pindu kichwani na tulipita Shianda bila mimi kuona.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi tuzo ni haramu. Nikipewa leo nitaipokea kwa mikono miwili, na nina mahali pa kupeleka kila senti. Hata Maalim alilitunza lile birika linalovuja. Nililiona kwake juu ya kabati, limepigwa msasa. Lakini alinisimulia jambo moja lililonikaa. Mama yake alikuwa akimsomea Utendi wa Mwana Kupona, na yeye aliushika wote bila kitabu. Mwana Kupona aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake, amwachie wosia. Alimwandikia msichana mmoja, ndani ya nyumba moja, upande wa Lamu. "Na mimi niko Mumias nausoma," Maalim akasema, kwa mshangao wa mtu anayeona kwamba maji yamepanda mlima. Hakuongeza kitu. Aliomba sukari.

Januari ya 2019 binti yangu alikuwa anaingia kidato cha kwanza, shule ya bweni. Sketi yake ya marinda niliishona mwenyewe, usiku, baada ya kumaliza za watoto wa wenzangu, kwa kuwa Januari fundi hashoni vya kwake mchana. Nilipofika kwenye pindo niliacha inchi nne. Ilikuwa nzito, ikavuta marinda chini, haikupendeza. Niliiacha hivyo. Nikiwa napiga pasi maneno yakaja, nami nikayaandika kwa chaki kwenye meza ya kukatia:

Pindo nimeacha pana, kwa kuwa bado wakua,
Ikikubana mchana, uzi mwenyewe fumua,
Nyumba wala shamba sina, sindano ndiyo najua,
Likizo tutaonana, nipime ulivyokua.

Maalim alilisoma Ijumaa, chaki bado iko mezani. Kidole gumba hakikusimama popote. Lakini akauliza, "Mchana umefuata nini? Usiku sketi haimbani?"

Nilijitetea kwamba nilihitaji "-na."

"Ulihitaji wewe. Yeye hauhitaji."

Nikafuta kwa kiganja. Ikianza kukubana: nane, na kina chake, na maana yake yote imo. Nililinakili kwenye kipande cha karatasi, nikakishonea ndani ya ukanda wa sketi, kwa mishono mirefu inayofumulika. Halikwenda Kakamega. Binti alipata karatasi ile muhula wa pili, si kwa kutafuta. Ilimwasha kiunoni akadhani ni lebo. Aliporudi likizo hakusema lolote juu ya shairi. Aliniletea sketi. Pindo lilikuwa limeshushwa inchi moja, kwa mkono wake, mshono umepinda kama njia ya ng'ombe.

Cheti cha 2008 bado kipo ukutani. Wateja wapya hukiona, hunisifu, nami hushukuru. Shairi lililokuwa chini yake nililiondoa nikaweka orodha ya bei.

Maalim hayupo Mumias tena. Wanawe walimchukua wakaenda naye Kisumu, anaishi Kaloleni, na macho yake hayamsaidii sana kusoma. Mjukuu wake humsomea ninachotuma kwenye simu, kisha humshikia simu naye akaongea. Sauti zake huwa fupi: kikohozi, mshororo wa ngapi, ukwapi au utao, kikohozi. Huwa nazisikiliza mguu ukiwa kwenye pedali.

Mwishoni mwa 2022, binti amemaliza mitihani ya kidato cha nne na yuko nami kibandani anaweka vifungo, ikaingia sauti. Sikuwa nimemtumia chochote mwezi ule. Nikaifungua tukaisikiliza wote wawili. Nyuma kulikuwa na adhana na pikipiki inapita.

"Binti," Maalim akasema. "Ule ubeti wa sketi. Nimekuwa nikiusoma. Umekua mara mbili." Akakohoa. "Wa kwanza umekua, wa nne umekua. Punguza mmoja."

Binti yangu alicheka akadondosha vifungo. Nimejaribu "chukua," nimejaribu "pambanua." Nilijaribu "tatua" wiki nzima, ikaingia kwa mizani ikakataa kwa maana. Mshororo wa nne bado uko mezani kwa chaki, nusu umefutwa, na kila anayekuja kukatiwa kitambaa namwomba asiegemee upande ule.